Maswali ya Wasomaji: Picha za Biblia katika Madirisha ya Ukumbusho

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi juu ya Kanisa Kuu la Kianglikana la Mombasa, lile lenye kuba katika Barabara ya Nkrumah, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ukumbusho wa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwezi Oktoba 1885, na wamishenari wenzake waliofia kazini. Makala hiyo imewafanya wasomaji wayatazame upya madirisha ya ukumbusho yaliyomo katika makanisa yao wenyewe. Tumechagua barua zilizouliza juu ya picha na utunzaji wake. Zilizouliza bei tumeziweka kando.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili katika kanisa moja la zamani hapa kisiwani. Juu ya madhabahu tuna dirisha la vioo vya rangi lenye sehemu tatu. Katikati ni Bwana Yesu akitoka kaburini, na askari wamelala chini. Kushoto kuna mtu anayetoka kinywani mwa samaki, ambaye nadhani ni Yona. Kulia kuna mwanamume mwenye nywele ndefu aliyebeba milango mabegani. Juu kabisa yuko mwana-kondoo mwenye bendera, na chini kuna ndege anayejidonoa kifua mpaka damu ikatoka. Maandishi yanasema kwamba dirisha liliwekwa kwa utukufu wa Mungu na kwa ukumbusho wa Mzungu mmoja aliyekufa kwa homa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wazee wetu husema aliyebeba milango ni marehemu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa seremala, na kwamba mganda mdogo wa ngano ulioko pembeni ni ishara ya Ruthu. Niwafundishe watoto nini? (Mwalimu, Tudor)

JIBU: Mwalimu, aliyebeba milango ni Samsoni. Habari yake imo katika Waamuzi 16:3. Alikuwa Gaza, na watu wa mji wakamvizia langoni wakingoja kupambazuke wamwue. Naye akaamka usiku wa manane, akaing'oa milango ya lango la mji pamoja na miimo yake miwili na komeo lake, akajitwika yote mabegani na kuyapandisha mpaka kilele cha mlima unaoelekea Hebroni. Zile nywele ndefu ndizo zinazomtambulisha. Hata hivyo wazee wenu msiwacheke, kwa sababu mtu asiyekijua kisa cha Gaza, akimwona mwanamume mwenye milango begani juu ya jina la marehemu, ana sababu nzuri ya kudhani kuwa huyo ndiye marehemu na hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.

Samsoni amewekwa karibu na kaburi la Yesu kwa sababu Wakristo wa kale walizoea kulisoma Agano la Kale wakiona ndani yake kivuli cha mambo ya Agano Jipya. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alikieleza kisa hiki katika mahubiri yake ya Pasaka: Gaza ni kuzimu, wale wanaovizia ni walinzi wa kaburi, na Samsoni ni mfano wa Kristo, ambaye hakutoroka gizani tu bali aliondoka na malango yenyewe, hata pasiwe tena na kitu cha kumfungia mtu ndani. Yona naye hakuhitaji kufafanuliwa na papa, kwa maana Yesu mwenyewe anamtaja katika Mathayo 12:40, akilinganisha siku tatu za nabii tumboni mwa samaki na siku tatu za Mwana wa Adamu moyoni mwa nchi.

Mpangilio huu wa watu watatu haukubuniwa kwa ajili ya kanisa lenu. Katika karne ya 15 vilichapwa huko Ujerumani na Uholanzi vitabu vya picha kwa kutumia mbao zilizochongwa, vikajulikana kwa jina la Biblia Pauperum, yaani Biblia ya Maskini. Ukurasa wake wa ufufuo unamwonyesha Kristo katikati, Samsoni na milango upande mmoja, na Yona akitapikwa na samaki upande wa pili. Aliyelichora dirisha lenu alifuata desturi yenye umri wa zaidi ya miaka 500, na kwa hiyo sehemu zake tatu husomwa pamoja, kuanzia katikati kwenda pembeni. Waonyeshe watoto pia wale askari. Mathayo 28:4 husema kwamba walinzi walitetemeka wakawa kama wafu, na mchoraji mwenye akili hulitumia jambo hilo ipasavyo: waliowekwa kumlinda maiti ndio wanaoonekana maiti.

Mwana-kondoo ni yule wa Ufunuo sura ya 5, ambaye amesimama kana kwamba amechinjwa na ambaye peke yake anastahili kukifungua kitabu chenye mihuri saba. Yohana anasema ana pembe saba na macho saba. Wachoraji wengi huyaacha hayo, nami nadhani wanafanya vyema, kwa maana yanasomeka vizuri lakini yakichorwa hutisha. Bendera haimo katika Biblia. Ni alama ya ushindi iliyozoeleka kanisani, kwa kawaida nyeupe yenye msalaba mwekundu, nawe ukitazama vizuri huenda ukaiona pia mkononi mwa Yesu anayetoka kaburini.

Ndege ni mwari, na hapa lazima niwe mwangalifu zaidi, kwa sababu kisa chake hakimo katika Maandiko hata kidogo. Zaburi ya 102 humtaja ndege huyu jangwani kama mfano wa upweke, basi. Kisa cha mwari anayewahuisha makinda yake kwa damu ya kifua chake kilitoka katika kitabu cha kale cha Kigiriki cha habari za wanyama, Physiologus, na Wakristo wakakipokea kwa kuwa kiliwakumbusha damu ya Kristo. Katika karne ya 13 kilikwisha kuingia hata katika tenzi za Ekaristi. Ndege mwenyewe hana desturi hiyo, ingawa huubana mdomo wake mrefu kifuani, na huenda mtu aliyemtazama kwa mbali akadhani anajitoboa. Watoto waambiwe ukweli wote: kwamba hadithi si ya Biblia, na kwamba kinachoelezwa kwa hadithi hiyo ni cha Biblia.

Mganda wa ngano ndio ulionifurahisha kuliko yote. Ruthu angestahili, maana aliokota masuke katika shamba la Boazi, lakini mganda mdogo ulioko pembeni, usiohusiana na picha nyingine yoyote, mara nyingi huwa ni alama ya karakana. Charles Eamer Kempe, mtengenezaji wa vioo wa London, aliutia mganda wa ngano katika kazi zake, akiutoa katika nembo ya ukoo wake. Alifariki mwaka 1907, na karakana ikaendelea chini ya jamaa yake Walter Tower mpaka 1934. Katika miaka hiyo mganda uliongezewa mnara mdogo mweusi, kwa ajili ya jina la huyo mrithi. Chukua darubini ya mkononi, utazame kama kuna mnara. Ukiwepo, umepata kipindi cha dirisha lenu bila kufungua faili hata moja, kisha linganisha na daftari la kanisa la miaka hiyo.

Limebaki suala la marehemu. Soma tena maandishi yenyewe jinsi yalivyopangwa: kwa utukufu wa Mungu, ndipo kwa ukumbusho wa mtu. Waliolipia dirisha walikuwa wamempoteza kijana au mzee wao kwa homa, mbali na kwao, katika nyakati ambazo homa ya pwani ilimwua mgeni kwa siku chache. Walikuwa na uwezo wa kumchora akiwa na misumeno yake. Badala yake walichagua milango iliyong'olewa, samaki aliyelazimika kumtapika aliyemmeza, na kaburi lililo wazi. Kwa maoni yangu, hayo yanatueleza habari za familia ile kuliko picha ya uso wake ambavyo ingetueleza.

SWALI: Salaam. Mimi ni Mwislamu, na mwaka huu nilihudhuria mazishi ya jirani yetu Mkristo tuliyekaa naye kwa wema miaka mingi. Nilipokuwa nimekaa nyuma niliona dirisha lenye simba, ng'ombe, tai na mtu, wote wakiwa na mabawa. Sikutaka kuuliza msibani. Wanyama hao wanafanya nini katika nyumba ya ibada, na je, huombwa? (Msomaji, Mji wa Kale)

JIBU: Salaam na heri, ndugu yetu, na kutouliza msibani ni adabu yako njema. Hawaombwi. Ni wale viumbe hai wanne wanaokizunguka kiti cha enzi cha Mungu katika njozi ya nabii Ezekieli, sura ya 1, na tena katika Ufunuo 4:7. Tangu karne za mwanzo, Wakristo waliwafanya kuwa alama za waandishi wanne wa Injili, na mgao uliozoeleka ni ule ulioelezwa na Jeromu, mtaalamu wa Maandiko aliyefariki mwaka 420: mtu ni Mathayo, kwa kuwa anaanza na nasaba ya Yesu, simba ni Marko, anayeanza na sauti inayolia nyikani, ng'ombe ni Luka, anayeanza na kuhani Zakaria hekaluni, mahali pa sadaka, tai ni Yohana, ambaye mwanzo wa Injili yake unaruka juu mno. Katika dirisha la ukumbusho huwekwa pembeni au juu kuonyesha kwamba lililotangazwa juu ya kaburi la mtu huyo ni neno la Injili.

Ama kuhusu picha katika nyumba ya ibada, usidhani kwamba Wakristo wenyewe walikubaliana. Karibu mwaka 600, askofu wa Marseille alizivunja picha za kanisani kwake, na huyo huyo Gregori Mkuu tuliyemtaja akamwandikia kwamba alifanya vyema kukataza zisiabudiwe, ila hakufanya vyema kuzivunja, kwa kuwa wasiojua kusoma walisoma ukutani yale ambayo hawakuweza kuyasoma vitabuni. Miaka elfu moja baadaye, mnamo 1643 na 1644, William Dowsing alizunguka makanisa ya Cambridgeshire na Suffolk huko Uingereza akiwa na amri mkononi, akivunja vioo vya namna hiyo kwa jina la amri ya pili, ile ya Kutoka 20:4. Swali lako, basi, ni la zamani, na limeulizwa kwa ukali zaidi na watu wa ndani.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Baba yetu alikuwa baharia na alipotea baharini na chombo chake. Kanisa letu linajengwa upya na familia imeruhusiwa kutoa dirisha moja la vioo vya rangi. Ndugu zangu wanataka Yesu akiituliza dhoruba, na Petro awe na sura ya baba kutoka kwenye picha yake ya kitambulisho. Kasisi anasitasita, lakini hasemi kwa nini. Tufanyeje? (Binti wa Likoni)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni. Siwezi kumsemea kasisi wenu, lakini mimi pia ningesitasita, kwa sababu mbili zisizofanana.

Ya kwanza ni picha ya dhoruba yenyewe. Katika Marko 4, wanafunzi wanamwamsha Yesu, anaukemea upepo, bahari inatulia na kila mtu anafika ng'ambo. Ni habari njema kwa aliyefika. Mama yenu atakaa chini ya dirisha hilo kila Jumapili, na kila Jumapili ataona chombo kilichookolewa, na moyo utauliza kwa nini kile na si kingine. Petro anayetembea juu ya maji, katika Mathayo 14, ana shida hiyo hiyo, maana anashikwa mkono kabla hajazama. Sisemi kwamba sura hizo ni mbaya. Zinamfaa baharia aliyefia kitandani pake akiwa mzee. Kwa aliyemezwa na maji, Maandiko yana mahali pengine pa kusimama.

Ningekuomba uisome Yohana 21 polepole. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu, kunapambazuka, mtu amesimama ufuoni wala hawamtambui, anawaelekeza walitupe jarife upande wa kuume, na samaki wanajaa, 153 kwa hesabu ya Yohana. Wakifika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate, na Yesu anawaita wale. Hapo bahari haijatulizwa wala haijalaumiwa. Iko nyuma yao tu, na mbele yao kuna anayewangoja na chakula. Mtu wa Likoni hahitaji kuelezwa moto wa makaa ufuoni alfajiri. Tena mchoraji wa kioo atashukuru, kwa sababu ana vitu vya kuchora: mwanga wa mapambazuko, makaa mekundu, jarife, chombo. Mkitaka alama moja ya kuweka juu, iko nanga ya Waebrania 6:19, ambapo tumaini huitwa nanga ya roho. Nanga hiyo imechorwa tangu katika makaburi ya Wakristo wa kwanza wa Roma.

Ya pili ni uso. Zamani wafadhili walichorwa katika madirisha, wadogo, wamepiga magoti pembeni, na hilo halikuwa kosa. Lakini kumpa mtume sura ya baba yenu ni jambo jingine, kwa sababu baada ya miaka thelathini washarika ambao hawakumjua wataona Petro wa ajabu, na wajukuu wataona babu aliyevishwa kanzu ya mtu mwingine. Nitakupa mifano miwili ya watu waliokuwa na kila sababu ya kuchora nyuso, wakachagua njia nyingine.

Tarehe 15 Septemba 1963, bomu lilitegwa katika kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, Birmingham, jimbo la Alabama, Marekani, likawaua wasichana wanne weusi. Dirisha moja la vioo lilisalia kwenye fremu yake, ila uso wa Yesu ulitoka. Watu wa Wales walichanga fedha, kila mmoja kiasi kidogo kilichowekewa kikomo ili zawadi isiwe ya tajiri mmoja, na msanii John Petts akatengeneza dirisha jipya lililozinduliwa 1965. Wasichana hawamo. Yumo Kristo mweusi aliyenyoosha mikono kama msalabani, mkono mmoja ukiusukuma uovu na wa pili ukitoa msamaha, na chini yake maneno machache yatokanayo na Mathayo 25:40, kwamba mnanitendea mimi. Kila anayeyasoma hayo katika kanisa lile anajua waliotendewa ni akina nani.

Mfano wa pili unakaribia zaidi msiba wenu. Katika kijiji cha Tudeley, Kent, Uingereza, wazazi walimpoteza binti yao wa miaka 21, Sarah d'Avigdor-Goldsmid, katika ajali ya mashua mwaka 1963. Walimwomba Marc Chagall atengeneze dirisha la mashariki la kanisa dogo la hapo, nalo likawekwa 1967. Huyo alithubutu kumwonyesha aliyezama: chini kabisa, ndani ya buluu nzito, umo mwili unaochukuliwa na maji. Ila ukiinua macho kuna ngazi, na juu ya ngazi Kristo msalabani, na buluu ile ile ya maji imegeuka kuwa buluu ya mbingu. Uso haukunakiliwa kutoka picha yoyote. Chagall alipolifikia kanisa akapendezwa, na hatimaye akayatengeneza madirisha yote 12, kazi iliyokamilika 1985, mwaka aliofariki.

Ikiwa ndugu zako bado wanataka alama ya baba mwenyewe, mchoreni chombo chake, kwa umbo lake halisi, kikiwa kimevutwa pwani nyuma ya wale wanaokula. Wanaojua watajua.

Neno moja la ufundi, kwa kuwa mnaanza upya. Ulizeni dirisha litaelekea wapi. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na jua la mchana hupita karibu na utosi. Dirisha la mashariki ndilo litakalopata mwanga wa ibada ya asubuhi, la kaskazini na la kusini yatapata mwanga mpole zaidi. Tena msiruhusu dirisha la kioo cheupe kitupu lipakane na lenu, maana mng'ao wake utaziua rangi machoni pa watu.

SWALI: Vioo vya rangi vya kanisa letu vimeanza kutokeza tumbo, vingine vimepasuka kwenye zile fimbo za chuma. Fundi anapendekeza tuvisugue kwa siki na kufunika nje kwa plastiki ngumu. Ni sawa? (Mzee wa kanisa, Kizingo)

JIBU: Mzee wangu, siki hapana. Nyuso, vidole, mikunjo ya nguo na maandishi katika madirisha haya hupakwa kwa rangi iliyotengenezwa kwa kioo kilichosagwa pamoja na oksidi ya chuma, kisha huchomwa tanuruni ishikamane na kioo. Isipochomwa vya kutosha hubanduka, na makanisa yamepoteza uso wa Yesu kwa kitambaa na sabuni tu. Maji safi yasiyo na chumvi na pamba laini yatosha, na mahali rangi inapobanduka pasiguswe kabisa.

Nyufa mlizoziona zinatokana na kutu. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inaharakisha kutu, na chuma chenye kutu huvimba na kukisukuma kioo. Fimbo hizo zibadilishwe kwa shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu. Tumbo hutokana na risasi, yaani ile metali laini inayoshikilia vipande, ambayo huchoka kwa kupata joto na kupoa miaka nenda miaka rudi. Plastiki ngumu inaweza kuzuia mawe ya watoto, lakini ikizibwa pande zote hufungia joto na unyevu ndani na kuongeza ugonjwa uleule, basi iachwe nafasi juu na chini, yenye wavu wa kuzuia wadudu. Kabla ya kipande chochote kutolewa, dirisha zima lipigwe picha kutoka ndani na nje, na vipande viandikwe namba. Fundi afanye kazi hiyo mbali na darasa la watoto, anawe mikono kabla ya kula, maana vumbi la risasi ni sumu.